Mjomba aliuza mashua nikasoma, sasa wenzangu wanataka tugome

Asalaam aleikum Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 29, mzaliwa wa Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi yangu ni uhudumu wa ndege katika kampuni moja iliyoko Nairobi, jina lake niwie radhi nisilitaje. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa likizo ya siku kumi, na likizo yenyewe imeniingia nyongo.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Aliyenilea ni mjomba, ndugu yake mama. Niliposema nataka kusomea uhudumu wa ndege, wazee wa barazani walimcheka, wakamwambia mtoto wa kike haendi kubeba sinia angani. Mjomba hakuwajibu. Aliuza mashua moja kati ya mbili alizokuwa nazo, akanilipia karo. Hilo sijalisahau na Mungu asinijaalie kulisahau. Leo ana nyumba ya wageni Shela, vyumba sita, na wageni wake karibu wote hushukia uwanja wa ndege wa Manda.

Nilianza kazi 2018. Machi 2020, ndege ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, tulikatwa marupurupu na sehemu ya mshahara. Tukaambiwa ni kwa muda. Ndege za humu nchini zikarudi kuruka Julai mwaka huo huo, lakini marupurupu yetu hayajarudi mpaka leo. Isitoshe, tunalipwa kwa saa za kuruka tu, na saa haianzi kuhesabiwa mpaka ndege iondoke maegeshoni. Mwezi uliopita niliamka saa tisa usiku, saa kumi na moja alfajiri nikawa uwanjani. Ndege ikawa na hitilafu. Tukakaa na abiria mpaka saa nne asubuhi: mtoto kanitapikia sketi, mzee mmoja kaomba maji ya dawa mara tatu, mabwana wawili wakanitukana kana kwamba ni mimi niliyeharibu injini. Kwenye karatasi ya mshahara siku ile imeandikwa saa mbili na nusu, za kwenda Manda na kurudi. Nyingine zote hazimo.

Chama chetu cha wafanyakazi kimezungumza na kampuni karibu mwaka mzima, hakuna lililotoka. Sasa mzozo umepelekwa kwa Waziri wa Leba, mpatanishi ameteuliwa, vikao vinaendelea. Wenzangu wamechoka kungoja. Kwenye kundi letu la WhatsApp wapo wanaosema tugome wiki ya Krismasi, notisi au hakuna notisi, kwa sababu ndipo kampuni itakapoumia. Wengine wanasema tupige simu sote asubuhi moja tuseme tunaumwa.

Wiki mbili zilizopita niliitwa idara ya wafanyakazi. Mezani karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba mpya, wa kwangu peke yangu, nyongeza ya asilimia nane na ahadi kwamba nitapandishwa kuwa mkuu wa wahudumu. Ya pili ni fomu ya kujitoa chamani. Jina langu limeshapigwa chapa, kilichobaki ni sahihi tu. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Msichana ninayeishi naye chumba kimoja ameshatia, na tangu siku hiyo tunaongea ya chumvi na sukari tu.

Juzi nikamweleza mjomba. Alikuwa barazani na daftari lake la wageni. Akalifungua, akanionyesha kwa kidole mstari baada ya mstari: tarehe 20 Desemba hadi 3 Januari, vyumba vyote sita vimeshikwa. Arubuni zimelipwa, naye zimeshamtoka mkononi, amenunua magodoro na kupaka chokaa. Akaniambia, "Mwanangu, mlango niliokufungulia ndio utakaonifungia?" Akavaa viatu akaenda msikitini, hakungoja nijibu. Mama naye hana jingine ila "mwenye nguvu mpishe", nitie sahihi yaishe.

Mama, nifanye nini?

Binti wa Langoni, Lamu

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Nitakupa jibu kwanza, maelezo yafuate, maana najua usingizi huna. Ile fomu usiitie sahihi. Na kazini usitoke mpaka chama chako kiwe kimetoa notisi ya mgomo kwa maandishi na siku zake zimetimia. Hayo mawili uyashike yote. Ukishika moja ukaacha la pili, utaumia.

Tuanze na fomu. Jiulize kwa nini kampuni imehangaika kukupigia chapa jina. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama kama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama wamejiunga. Hapo ndipo penye siri yote. Fomu yako peke yake si kitu, ila wanahesabu vichwa. Leo wewe, jana mwenzako wa chumbani, kesho wanne wengine, na siku chama kitakapopungukiwa na ile nusu, kampuni itasema hamna wa kuzungumza naye. Nyongeza ya asilimia nane mtakuwa mmeipata, lakini mwaka utakaofuata kila mmoja ataingia ofisini ile peke yake, kama ulivyoingia wewe.

Na hapo kampuni imekosea, tena vibaya. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi ajitoe chamani. Inakataza pia kumpa mtu faida, au kumwahidi faida, ili aache haki yake. Mkataba wenye nyongeza na fomu ya kujitoa kuwekwa juu ya meza moja, saa moja, na mtu mmoja, si jambo dogo. Kwa hiyo usiku huu, kabla hujalala, chukua karatasi uandike: tarehe, saa, nani alikuwemo, maneno gani yalisemwa na nani. Halafu waandikie idara ya wafanyakazi barua pepe fupi yenye adabu, uwaulize kama nyongeza na cheo vinategemea ile fomu, na uombe nakala ya karatasi zote mbili. Usiwashutumu, uliza tu. Wakijibu, jibu unalo. Wakinyamaza, swali lako lina tarehe. Nakala mpelekee mwakilishi wenu wa wafanyakazi.

Huyo mwakilishi muulize jambo jingine: mkataba wa pamoja mlio nao, ule wa chama na kampuni, umesajiliwa mahakamani, na bado una nguvu? Mkataba uliosajiliwa na Mahakama ya Ajira na Leba huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi unaomhusu, hauwezi kupunguzwa pembeni na karatasi ya mtu mmoja mmoja. Na ile barua ya kukatwa mwaka wa 2020, ipo? Itafute masandukuni. Nataka uangalie kama "kwa muda" iliandikwa au ilisemwa tu. Nimeona watu wakishinda kwa neno moja lililoandikwa, na wakishindwa kwa hotuba nzima iliyosemwa.

Sasa mgomo wenyewe, na hapa nisikilize sana.

Miaka ya tisini nilikuwa nikitandika vitanda katika hoteli moja hapa Malindi, na wenzangu walinichagua niwawakilishe. Jumamosi moja mpishi wetu alifukuzwa mbele ya wageni, kwa matusi. Tulipandwa na damu. Hatukuandika barua wala hatukumwita mtu wa chama, tukatoka, watu zaidi ya thelathini, tukakaa chini ya mwembe nje ya lango. Mimi nilitoka na pete ya funguo kiunoni, funguo kumi na nne za vyumba. Nilikuja kuzikumbuka jioni, nikiinama kuwasha jiko. Asubuhi nilipozirudisha, niliambiwa mimi ni mwizi na mgomaji. Wenzangu nao barua zao zilikuwa zimeshachapwa. Sheria ya wakati ule nayo ilitaka notisi, nasi hatukuitoa, basi hatukuwa na pa kushika. Mpishi hakurudi. Watu tisa katika sisi hawakurudi. Mmoja wao alikuwa na mapacha wa miezi mitatu, na hata leo tukikutana sokoni huwa natangulia kutazama chini.

Ndiyo maana wakisema "notisi au hakuna notisi" moyo wangu hupiga. Njia ya sasa iko wazi. Mpatanishi akishateuliwa ana siku 30 za kuwapatanisha, isipokuwa pande zote mbili zikubali kuongeza. Wasipoelewana, chama kinatoa notisi ya maandishi ya siku saba kwa kampuni na kwa Waziri. Siku hizo zikipita, mgomo una kinga: huwezi kuachishwa kazi wala kuadhibiwa kwa sababu umegoma. Mkitoka kabla, mmevunja mkataba, na kampuni ina haki ya kuwaita mmoja mmoja na barua za kujieleza. Utasikia mtu akisema kwamba watu wa ndege hawaruhusiwi kugoma. Kwa upande wa ndege, huduma za lazima zilizotajwa na sheria ni waongozaji wa ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga. Wahudumu wa ndani ya ndege hawamo.

Kampuni inaweza kukimbilia mahakamani kuomba zuio hata baada ya notisi. Ikipewa, rudini kazini siku hiyo hiyo, mkapiganie huko huko mahakamani. Marubani wa Kenya Airways waligoma tarehe 5 Novemba 2022 wakidai, pamoja na mengine, mchango wa akiba yao ya uzeeni urudishwe. Mahakama iliamuru warudi, na asubuhi ya tarehe 9 walikuwa kazini.

Hilo la kusema mnaumwa lifute kwenye simu yako na usilijibu. Watu hamsini wakiumwa asubuhi moja kwa kupatana, huo ni mgomo uliovaa buibui, na kinga hauna. Tena mnamharibia yule atakayeumwa kweli wiki itakayofuata.

Kura nayo isifanywe kwa vidole vya WhatsApp. Desemba 2009 wahudumu wa British Airways walipiga kura kwa wingi mkubwa wagome siku 12 za Krismasi. Mahakama Kuu ya London iliuzuia mgomo ule kwa sababu chama kilikuwa kimewapigisha kura hata watu waliokuwa wameshakubali kuacha kazi. Hebu fikiria, maelfu ya watu wana haki yao, na mlango unafungwa kwa daftari la wanachama lisilopangwa. Walikuja kugoma mwaka uliofuata, siku 22 kwa jumla, na waliogoma wakanyang'anywa tiketi za bei nafuu za wafanyakazi. Mzozo haukwisha hadi 2011. Nakwambia haya ujue mgomo una bei, hata ule wa haki. Hapa kwetu siku za mgomo kampuni hailazimiki kuzilipa. Kama huna kodi ya miezi miwili kando, anza mwezi huu. Na ukiachishwa kwa hila, una miaka mitatu ya kwenda mahakamani, na fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12, ila kesi hailiwi jioni.

Kuhusu zile saa zisizohesabiwa, usidhani ni ulalamishi wako. Agosti 2025 zaidi ya wahudumu 10,000 wa Air Canada waligoma, na mojawapo ya madonda yao makubwa lilikuwa hilo hilo, kufanya kazi chini bila malipo mpaka ndege iondoke. Walitoka tarehe 16, na makubaliano ya tarehe 19 yakaingiza malipo ya kazi ya kabla ya kuruka. Kwa hiyo hata Kanada, kwenye pesa zote zile, mtoto wa mtu alikuwa akitapikiwa bure.

Na wale wazee wa barazani, naomba niwajibu kidogo, maana neno lao la sinia limenichoma. Ndege yenye viti zaidi ya 44 haipati idhini mpaka ithibitike kwamba abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango haitumiki. Ni nani anayefungua milango ile? Ni nani anayewatoa watu kwa sauti moshi ukitanda? Ni binti huyo huyo wa sinia, aliyeamka saa tisa usiku. Chai ndiyo sehemu ya kazi inayoonekana siku ambazo Mungu amesitiri.

Nimefika kwa mjomba. Hapa nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika.

Mjomba wako hana kosa. Nyumba za wageni za Amu zimekaa tupu mara mbili ndani ya miaka michache: 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na amri ya kutotoka nje usiku, na tena 2020. Mtu aliyefagia vyumba visivyo na mgeni miezi na miezi, ukimtajia neno mgomo huoni uso wake tu, unaona miaka ile yote. Tena arubuni ameshatumia. Akisema "utanifungia mlango", anaona aibu ya kurudisha pesa ambazo hana.

Lakini deni lako kwake, mwanangu, si la namna hiyo. Aliuza mashua upate kazi. Hakuuza mashua ukubali kila utakachoandikiwa kazini. Ukitia sahihi kwa ajili ya vyumba vyake, utamchukia polepole bila kumwambia, na yeye hatajua kwa nini unapunguza kuja nyumbani. Nimeyaona haya kwa watu wa damu moja, nayo ni mabaya kuliko ugomvi wa siku moja.

Kuna jambo la kumsaidia kweli. Mgomo wa halali hauangukii mtu kama nazi, una siku saba. Mzozo uko kwa Waziri, si siri tena, basi kumwambia ajiandae si kutoa siri ya chama. Yatakayosemwa ndani ya vikao vyenu ndiyo usiyatoe, hata kwake. Aanze leo kuwaandikia wageni wake, awashauri wakate tiketi zinazobadilika. Manda inatua kampuni zaidi ya moja. Na kwa atakayekosa kabisa, kuna kushukia hapa Malindi, akashika barabara mchana kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, halafu boti. Si safari ya raha, lakini mgeni aliyeambiwa mapema huvumilia, na aliyeachwa uwanjani hasamehi. Kaa na mjomba umwandikie hizo barua wewe mwenyewe, lugha ya wageni unaijua. Kama kutakuwa na mgeni mmoja atakayedai arubuni yake, mwambie mjomba mtachangia. Hilo ni la mtoto kumfanyia mzazi, na uko nalo ukiwa na sahihi yako mfukoni.

Mama yako usibishane naye. "Mwenye nguvu mpishe" ni neno la njiani, punda akija na mzigo unajibana ukutani, ndivyo mnavyoishi kwenye vichochoro vile. Mezani kwenye mkataba hakuna ukuta wa kujibania. Mpe muda, ataliona.

Na mwenzako wa chumbani, mpikie. Naye aliitwa peke yake, akatiwa hofu peke yake. Aliyejitoa anaweza kujiunga tena, na hatajiunga na watu waliomnunia.

Likizo haijakwisha. Ngoja baada ya swala ya isha, mjomba akishakaa barazani na chai yake. Usianze na chama wala mgomo. Mwombe daftari lake la wageni, ulifungue pale pale alipokuonyesha, ukurasa wa Desemba. Juu yake weka karatasi yako ya mshahara ya Februari 2020 na ya mwezi uliopita, bega kwa bega, na kidole chako kwenye ule mstari wa saa mbili na nusu. Kisha mhesabie ile siku, tangu saa tisa usiku. Ni mtu wa hesabu, atasoma.

Niandikie atakavyosema.